Matundu ya Bomba la Annexe

Elisabethville, Jumapili, mwezi wa nane 1962

Mdogo wangu mpenzi Mwansa,

Mume wako yu hai. Najua barua haianzi hivyo, na Mama angekuwa karibu angenigombeza kwamba mji umenipotezea adabu. Lakini nimekujua tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni. Ungeruka salamu zote ukilitafuta jina la Kabeya, basi umeshalipata. Nilimwona juzi Ijumaa kwa macho yangu, na alikula chakula akakimaliza. Sasa kaa chini tusalimiane kama watu.

Hamjambo huko Kilwa kwetu, kando ya ziwa? Mguu wa Mama unaendeleaje, na bado anakataa kuupumzisha? Mapacha wetu, Mbuyi na Kabanga, wameshalizoea ziwa au wangali wanalilia mkate wa mjini? Samaki wakavu mlionitumia walifika. Wawili dereva aliwala njiani, akakiri mwenyewe kabla sijamuuliza, nikashindwa hata kukasirika. Sisi huku tuko. Wifi yako Agnès anakohoa kwa vumbi la kiangazi hiki, unga unapatikana siku ukitaka wenyewe, na askari wa Umoja wa Mataifa bado wanapita na magari yao meupe. Asubuhi tunaamka, tunatazama nani kalala nyumbani na nani hakurudi, halafu tunakwenda kazini.

Mara mbili uliniandikia kuniuliza kwa nini Kabeya haandiki, na mara mbili nilikujibu kwamba kazi zimemzidi. Nilikudanganya, mdogo wangu. Kabeya yuko gerezani tangu mwezi wa sita. Wanasema ni yeye aliyetoboa bomba la maji la mtaa wa Annexe ili watu wanywe uchafu wafe. Hakutoboa chochote, na leo nitakueleza nani aliyeliharibu bomba lile. Soma polepole, na usimsomee Mama.

Bomba lenyewe unalijua. Ni lile kubwa la chuma linalotoka kwenye tangi, linapita chini ya ardhi kando ya mashamba ya mihogo, sambamba na reli ya ile treni ndogo ya umeme inayobeba mawe ya machimbo ya chokaa. Ulikuwa ukituletea chakula pale tulipokuwa tukichimba, kabla hujaolewa, na Kabeya alikuwa akijifanya hakuoni. Mwisho wa reli hiyo kuna kile kijumba cha matofali tunachokiita kabini, ndimo unamotoka umeme wa treni.

Sasa nisikilize, maana bila haya hutaelewa mengine. Nitakueleza kama Kabeya alivyonieleza, kwa sababu miaka mingi alikuwa msaidizi wa yule injinia mzee, na anayajua kuliko mimi niliye kapita wake, msimamizi wa kazi. Umeme ukitoka kabini unapita waya wa juu, unaisukuma treni, kisha lazima urudi nyumbani, hapo hapo kabini. Njia yake ya kurudi ni reli. Lakini reli imelala juu ya udongo, na umeme ni kama mbuzi, ukimwonyesha njia atapita shambani. Basi mwingine unateremka ardhini, unalikuta bomba letu, unaona chuma ni njia nzuri, unatembea humo. Ukiwa unatembea ndani ya bomba haudhuru. Madhara yako pale unapotoka kurudi kabini. Kila unapotoka unaondoka na chuma kidogo, kama mgeni anayeaga na kijiko mfukoni. Siku baada ya siku, mahali hapo bomba linaliwa kutoka nje kuingia ndani mpaka linatoboka.

Yule injinia mzee alilijua hilo zamani. Alizika waya mnene wa shaba, unene wa kidole gumba, kutoka kwenye bomba mpaka kwenye reli pale karibu na kabini. Umeme ukifika hapo unatoka kwa waya, chuma kinabaki salama. Kazi ya waya ilikuwa hiyo tu. Mwaka ule wa uhuru injinia aliondoka na sanduku moja bila kumuaga mtu, na waya ukabaki chini ya udongo bila mwenyewe.

Desemba iliyopita, vita vilipotulia kidogo, tulitumwa, mimi, Kabeya na vijana watatu, kutengeneza bomba lililopigwa na bomu si mbali na kabini. Tulichimba, na sepetu ya Kabeya ikaugusa ule waya, mweusi kwa lami. Kumbe nyuma yetu walikuwepo askari watatu wamekaa juu ya reli wanakula karanga. Mkubwa wao akasimama.

"Eh! Hii kabule inaenda wapi? Nani njo aliiweka?"

"Chef, iko ya zamani," Kabeya akamjibu mkubwa huyo. "Injenyeri njo aliiweka. Iko na kazi yake, inarudisha kuran ku kabini."

Askari hakuyasikia maneno, alisikia namna ya kusema. "Weye uko muntu ya wapi?"

Kabeya akainamia sepetu yake.

"Muluba ya Kasai," askari akawaambia wenzake. "Unaona? Anajua kamba ya bombe inapita wapi chini ya udongo!" Na bunduki ikashuka begani.

Unakumbuka siku zile zilivyokuwa. Watu wa Kasai, walioitwa maadui wa nchi, walikuwa wameshajazana kambini kwa maelfu, wengine wanangoja treni ya kuwarudisha kwa babu zao ambao hawakuwahi kuwaona. Kabeya alibaki mjini kwa sababu mafundi wa maji walikuwa wachache, na kwa sababu mimi nilimdhamini. Basi nikaingia kati. Nikamwambia Kabeya afunge mdomo, nikamgeukia askari nikacheka kicheko cha mtu anayeogopa.

"Chef, haiko kitu. Tunaikata, inaisha."

Kabeya akaninong'oneza, "Shemeji, usikate. Tutajuta."

Nikachukua msumeno wa chuma nikakata mwenyewe, huku na huku, kipande kirefu kama mkono. Askari akakiweka begani akafurahi, shaba hiyo. Akanipigia makofi, akaniita raia mwema, akanipa sigara. Mimi sivuti, Mwansa, unajua, lakini ile niliivuta mpaka mwisho.

Nimejiambia mara nyingi kwamba kama nisingekata wangempiga mume wako risasi pale pale shimoni. Huenda ni kweli. Lakini nilipenda pia kuonekana mtu wa nchi hii, mbele ya bunduki, mimi mwana wa Kilwa, si kama huyo mgeni aliyesimama kando yangu. Mgeni ambaye ni baba wa wapwa zangu. Hili sijawahi kumwambia hata Agnès.

Na kosa kubwa si kukata. Kukata kulichukua dakika kumi. Kosa ni kwamba askari walihamishwa, njia ikawa salama, na Kabeya akaniambia, "Shemeji, turudishe ile kabule, nimeisha kuona kipande mu magazini." Kweli stoo ilikuwa nacho, lakini nikasema kesho. Akarudia baada ya wiki mbili, nikasema kesho. Mara ya tatu nilimkaripia mbele ya vijana wa kazi, nikamwambia kapita ni mimi. Sikutaka karatasi ya kuomba shaba ipite mezani kwa wakubwa, waniulize ya kwanza ilikwenda wapi. Hakurudia tena. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa mabomba anayesahau methali hiyo afanye kazi nyingine.

Mvua zilipokwisha maji yakaanza kutokea juu ya ardhi. Kwanza tope dogo kando ya shamba la mihogo, halafu lingine, halafu dimbwi katikati ya njia. Tulifukua, tukakuta matundu ya mviringo, safi, kingo zake kali, bila kutu ya maana. Mtu yeyote angesema ni keke ya kutobolea chuma imepita hapo. Tuliyaziba kwa vikola vya chuma, zile pete za kubana bomba, kesho yake tundu jingine hatua mbili mbele. Yote yalikuwa karibu na kabini. Mimi nililitazama lile la kwanza nikajua. Kabeya alinitazama, naye alijua kwamba najua. Tukaendelea kuziba.

Presha ya maji ilipopungua, tope likawa linaingia bombani. Watoto wa Annexe wakaanza kuhara. Jirani yetu mmoja alizika wawili ndani ya juma moja, na mimi nilikwenda matangani nikakaa na wanaume, nikala chakula chao. Ndipo maneno yakaanza: Baluba wametoboa bomba, Baluba wametia sumu. Nilikuwa na mdomo, nikawa nautumia kulia chakula tu.

Polisi walikuja kazini saa sita mchana. Walifungua masanduku ya vyombo yote, na katika sanduku la Kabeya wakakuta keke yake, ile aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza. Wakachukua msumari wake wa kutobolea wakauingiza kwenye tundu la kipande cha bomba. Ukaingia kama kidole ndani ya pete. Basi, kesi ikaisha hapo kabla haijaanza. Walimfunga mikono kwa kamba yetu wenyewe, ya kushushia mabomba.

Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kumwona. Kisha akanitumia ujumbe kwa askari jela mmoja mwenye huruma: "Mwambie kapita afanye ile ya misumari." Nilielewa. Yule injinia mzee aliwahi kuwafanyia vijana mchezo huo. Nilihangaika kwa wiki tano, ofisi hii na ile, mpaka komisere wa polisi akachoka na sura yangu, akakubali nimwonyeshe.

Niliweka ndoo ya maji uani kwa polisi, nikatia chumvi, nikatumbukiza misumari miwili mikubwa ya inchi sita, sawasawa, kila mmoja nikaufunga kwa waya wa betri ya lori. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kabeya walimleta akasimama ukutani, pingu mkononi. Amekonda, Mwansa, sitakuficha, na jino moja la mbele halipo. Alikuwepo pia mzungu mmoja mshauri wao, mtu wa mashine, anavuta kiko chake, hasemi.

Komisere alicheka mwanzoni. "Kapita, unatupikia supu ya misumari?" Lakini maji yakaanza kubadilika, yakawa ya kijani, kisha ya udongo. Kufika saa nane nikaitoa. Msumari mmoja mzima kabisa. Wa pili ulikuwa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na umechimbika ubavuni, matundu matundu. Askari wakaja kutazama, wengine wakajishika midomo. Mimi nikawaeleza yote, treni, reli, bomba. Nilieleza vizuri, na nilikuwa nafurahi. Kwa muda kidogo nilisahau kabisa sehemu yangu. Nilimwangalia Kabeya kama mtu aliyeshinda.

Mzungu akainama akaushika msumari. "Mais oui," akasema, kwamba hivyo ndivyo, ni umeme unaokula, ameyaona haya nchi nyingine. Komisere akakuna kichwa. Moyoni nikaziona pingu zinafunguka.

Halafu mzungu akauliza swali moja tu, taratibu, wala si kwa ubaya. Akasema mahali kama hapo huwa pana waya wa kuurudisha umeme. Aliyejenga bomba asingekosa kuuweka. Uko wapi? Umekatwa, nikajibu kabla sijafikiri. Na komisere akageuka, akauliza kwa Kiswahili chetu ili wote tusikie:

"Nani njo alikata ile kabule?"

Mwansa, uani palikuwa na watu labda kumi. Kabeya hakunitazama. Aliangalia miguu yake. Mimi niliyatazama yale maji machafu ndani ya ndoo. Nilimfikiria Agnès. Nilifikiria nyumba ya kazi tunayokaa, nilifikiria mtu anavyopigwa mpaka jino linatoka.

"Sijue, chef," nikasema.

Wakamuuliza Kabeya. Akasema, "Miye sina neno."

Komisere akatikisa kichwa. "Muntu asiye na kosa anasema. Huyu ananyamaza." Wakamrudisha ndani. Sasa hawasemi tena alitoboa kwa keke, wanasema alikata waya makusudi akijua kitakachofuata, kwa kuwa nani mwingine aliyefundishwa na injinia? Nilikwenda kumtoa, nikamfunga vizuri zaidi. Msumari nilioutengeneza mimi ndio ushahidi wao, wameuweka ndani ya bahasha.

Ijumaa nilipeleka chakula, ugali wetu wa bukari na wale samaki wenu. Tulikaa kwenye benchi, askari mbele yetu. Alikula kwanza, akanawa mikono, akaniuliza habari za kikohozi cha Agnès. Ukarimu huo ulinichoma kuliko tusi. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Nitakutaja namna gani?" akasema. "Baba yenu alipokufa, weye njo ulikaa ku kiti yake. Ukapokea mali, ukanipa bibi. Kwetu, muntu aliyekupa bibi haumuonyeshe kidole mbele ya baaskari. Hata kama iko na makosa."

Mali yenyewe, mahari yako, unaikumbuka, mbuzi, blanketi, na ile baiskeli isiyo na breki tuliyomcheka nayo mwaka mzima. Kwa ajili ya hiyo mtu amenitunzia siri yenye kunyonga. Nililia, Mwansa. Askari akageuza uso.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Andika ku Kilwa. Mwansa ajue. Bataniamisha Jumatano, banasema mbali, kule barua haitoke. Nitafungwa kama banataka nifungwe. Lakini sitaki bibi yangu na batoto yangu bafikiri nilitoboa mayi ya bantu. Asikie ku kinywa yako, si ku ya mwingine." Kisha akaongeza, "Ile ya komisere, ni weye na roho yako."

Hilo tu. Hakuniomba nimtoe. Na mimi usiku ule na jana kutwa nilikuwa nikitafuta namna ya kutimiza nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Nikuandikie wewe, nikuombe radhi, mambo yaishie kwenye familia. Nilikaribia kufanya hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nilitaka kuirefusha mpaka Jumatano ipite.

Leo baada ya misa nimeandika barua mbili. Moja ni ya komisere. Nimeandika waya niliukata mimi, mbele ya askari watatu, na kwamba fundi Kabeya alinikataza siku hiyo na akaniomba mara tatu niurudishe. Nimeandika na majina ya vijana wawili waliokuwa shimoni, kwa idhini yao. Hao wamekubali kusema, wa tatu amekataa na simlaumu, ana watoto. Kesho saa moja asubuhi, ofisi ikifunguliwa, nitaipeleka kwa mkono.

Ya pili ni hii. Nimeiandika iondoke kabla, kwa sababu najijua. Kesho nikifika mlangoni miguu inaweza kunigeuza. Lakini lori la samaki linaondoka leo saa kumi, na dereva akishaichukua barua hii, wewe utajua, na siwezi tena kurudi nyumbani kwetu nikiwa mtu yule aliyesema sijui. Nimekufanya mlango wa kunifungia, mdogo wangu. Nisamehe na hilo pia.

Sijui watakachoamua. Huenda wasiniamini, waseme namkinga shemeji yangu. Huenda watufunge wote wawili. Lakini Kabeya akifika Kilwa peke yake, mpokee kwa maji ya moto, mpikie, mwache alale. Usimuulize habari zangu mbele ya watoto. Na Mbuyi na Kabanga wakikua wakasikia jina la baba yao likitajwa pamoja na bomba la Annexe, watoe barua hii uwasomee yote, pamoja na ile sigara.

Kwa Mama, mwambie tu nina kazi ya mbali na nitachelewa. Msalimie shangazi anayeuza chumvi sokoni, na mjomba wetu mwenye mitumbwi, mwambie maneno makali tuliyorushiana mwaka jana nimeyafuta mimi kwanza. Katekista aliyetufundisha kusoma mwombe aniombee, asiulize kwa nini. Agnès anakusalimu. Nimemweleza asubuhi hii, sasa yuko jikoni ananipigia pasi koti. Ikibidi, atakuja kukaa nanyi, mpe chumba cha nyuma chenye jua kwa ajili ya kikohozi chake.

Hapa chini nimeandika jina langu lote, la ubatizo, la kwetu na la babu, kama nilivyoliandika kwenye ile barua ya komisere, ili wasije wakamkamata mtu mwingine.

Kaka yako,

Emmanuel Kunda Mumba